Oili Inapovuja Kwenye Pikipiki ya Spoti: Jua Chanzo Kabla ya Kushika Spana

Oili ikidondoka chini ya pikipiki ya kubebea mizigo, ni kero na gharama. Ikidondoka chini ya pikipiki ya spoti, ni hatari, kwa sababu ya namna pikipiki hii inavyoendeshwa. Kwenye barabara iliyonyooka tairi la nyuma hukanyaga lami kwa katikati tu, na oili kidogo inayofika hapo husuguliwa ikaisha. Ubavu wa tairi hauigusi lami mpaka siku unapolaza pikipiki kwenye kona. Oili iliyokuwa ikirukia ubavuni kidogo kidogo kwa wiki nzima hukaa palepale ikikungoja, nawe unakutana nayo ukiwa umelala upande, mwendo umekolea, na huna nafasi ya kujirekebisha.

Plastiki za pikipiki hizi nazo zinaongeza tatizo. Injini imefunikwa kuanzia ubavuni hadi tumboni, kwa hiyo oili inaweza kuvuja siku nyingi bila kuweka doa sakafuni. Inajikusanya kwenye plastiki ya chini, inachanganyika na vumbi na kuwa tope jeusi, kisha siku moja unafunga breki kwa nguvu au unapanda mlima, na ile iliyojaa inamwagika kwa mkupuo. Kwenye mashindano hali hii imetungiwa sheria. Kanuni za FIM, shirikisho la kimataifa la michezo ya pikipiki, zinataka plastiki ya chini iwe na uwezo wa kubeba angalau nusu ya oili na maji yote ya injini, ili injini ikipasuka kiasi kinachomwagika barabarani mbele ya wanaofuata kipungue. Pikipiki ya barabarani haina kinga hiyo, kwa kuwa plastiki yake ina matundu na nafasi kila upande.

Kwa hiyo ukiona jasho la oili, shughulika nalo mapema. Lakini usifungue bolti hata moja kabla hujajua oili inatokea wapi, na kwa nini inatoka. Pesa nyingi zinazopotelea gereji kwa ajili ya kuvuja zinapotea hapa: gasketi nzima inang'olewa, silikoni inapakwa, pikipiki inarudi barabarani, na baada ya siku chache oili iko palepale.

Kuna kisa kinachojirudia sana. Kijana analeta pikipiki ya silinda 4 na kusema, "Fundi, gasketi ya kava ya klachi imebadilishwa mara mbili, bado inavuja." Ukiitazama unaona kava ya klachi kweli imelowa. Ukivua plastiki, ukaosha injini yote na kuiwasha, unakuta kava ya klachi ni kavu kabisa. Oili inatoka juu, kwenye kona ya kava ya valvu, inashuka nyuma ya silinda, inafuata ukingo wa krenkesi na kutokea upande wa klachi. Gasketi mbili mpya zimetupwa, na kilichokuwa na shida ni mpira wa kule juu ambao hakuna aliyeugusa.

Oili hushuka kwa uzito wake, na pikipiki ikiwa mwendoni upepo huisukuma nyuma. Basi mahali ilipolowa sana mara nyingi ndipo inapoishia. Chanzo kitafute juu zaidi na mbele zaidi. Sehemu ya juu kabisa yenye unyevu mpya ndiyo ya kushuku kwanza.

Anza kwa kuosha, wala usikuone huko kama kupoteza muda. Vua plastiki za pembeni na ya chini. Subiri injini ipoe, maana maji baridi kwenye injini yenye moto yanaweza kuipasua kava ya alumini. Ziba mdomo wa ekzosi na njia ya hewa, paka dawa ya kuondoa grisi, sugua kwa brashi kwenye mapezi na kwenye maungio, kisha suuza kwa maji yasiyo na presha kubwa. Maji ya presha yakielekezwa kwenye sili au kwenye soketi za umeme yanaleta matatizo mapya. Ikikauka, nyunyiza poda nyepesi ya mtoto kwenye maungio unayoyashuku. Washa injini, iache ipate joto la kazi, endesha kilomita chache kwa utulivu, halafu simama mahali penye mwanga uikague. Oili itakuwa imechora mstari mweusi kwenye poda nyeupe, na mstari huo utakuonyesha ulikoanzia. Kama chanzo kimejificha nyuma ya silinda, kuna rangi maalumu inayotiwa ndani ya oili na kung'aa chini ya tochi ya buluu. Mafundi wa magari wanaitumia, na kwenye pikipiki inafanya kazi vilevile, mradi uchague ile inayoruhusiwa kwa klachi ya kwenye oili.

Wakati huohuo hakikisha kinachovuja ni oili ya injini. Oili ya shokapu za mbele hushuka kwenye mguu wa shokapu na kupeperushwa hadi kwenye injini. Mafuta ya cheni yakipakwa kupita kiasi hujaa kwenye kava ya sproketi ya mbele na kuonekana kama sili imekufa. Chini ya pampu ya maji ya injini nyingi kuna kitundu kidogo kilichoachwa makusudi na mtengenezaji, na kinachotoka hapo ni taarifa: kulanti ikitoka, sili ya upande wa maji imechoka, na oili ikitoka, ni sili ya upande wa injini. Kuna watu wanakiziba kitundu hicho kwa gundi. Ukikiziba, umeondoa onyo na kuacha ugonjwa, na kinachofuata ni maji kuingia kwenye oili.

Baada ya kujua wapi, uliza kwa nini. Ikiwa oili inatoka sehemu mbili au tatu kwa mpigo, usikimbilie kununua sili tatu. Angalia kwanza mpira wa kupumulia. Injini inapofanya kazi, gesi kidogo hupenya kandokando ya ringi za pistoni na kuingia kwenye krenkesi. Gesi hiyo inatakiwa itoke kupitia mpira unaokwenda kwenye boksi la filta ya hewa. Mpira ukikunjika, ukabanwa na tangi lililorudishwa vibaya, au ukiziba kwa uchafu, presha inapanda ndani na kusukuma oili nje kupitia sili yoyote iliyo dhaifu. Sili mpya nayo itasukumwa vilevile. Kuusafisha mpira huo ni kazi ya dakika chache, nami nashangaa ni wachache kiasi gani wanaoukumbuka.

Sababu ya pili ya aina hii ni oili kuzidi. Watu wengi wanapima oili pikipiki ikiwa imelala kwenye stendi ya pembeni. Injini ikiinama, kioo cha kuangalizia kinadanganya, mtu anaongeza nusu lita isiyohitajika, na krenki inaanza kuipiga oili na kuifanya povu. Nyingine inasukumwa kwenye boksi la hewa na kudondoka chini. Pima pikipiki ikiwa wima, juu ya stendi ya kunyanyulia tairi la nyuma au ikishikiliwa na mwenzako. Kwa kawaida injini inawashwa ipate moto, inazimwa, na unasubiri dakika 2 au 3 kabla ya kusoma. Kama yako inatumia kijiti, soma kitabu chake, maana kwenye pikipiki nyingi kijiti kinachomekwa tu bila kuzungushwa kwenye nyuzi zake.

Kwenye pikipiki za zamani zenye kabureta kuna sababu ya tatu, nayo ni mbaya kuliko zote. Floti ikikwama, petroli inashuka taratibu kwenye silinda na kuingia kwenye oili. Kiwango cha oili kinapanda chenyewe, oili inakuwa nyepesi, na inapita mahali ambapo zamani haikupita. Ukichomoa kifuniko ukasikia harufu ya petroli, usiwashe injini. Rekebisha kabureta na koki ya mafuta, mwaga oili yote, weka mpya pamoja na filta.

Sasa tuje kwenye vyanzo vyenyewe, na tuanze na kile chepesi: bolti ya kumwagia oili. Washa yake ya alumini au shaba imetengenezwa kubonyea mara moja ili kuziba. Ikirudishwa mara ya tatu na ya nne haibonyei tena, basi fundi anakaza zaidi, na siku moja nyuzi za alumini kwenye injini zinaliwa. Nunua washa mpya kila unapobadilisha oili, kwani bei yake ni ndogo mno. Halafu kaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu, kwa kipimo cha pikipiki yako. Vipimo havifanani. Yamaha R6 inataka nyutoni mita 43 kwenye bolti hiyo, Honda CBR600RR inataka 30. Mkono uliozoea moja utakosea kwenye nyingine. Kama nyuzi zimeshaliwa, usijaze gundi. Fundi mwenye vifaa anaweza kutoboa na kuingiza nyuzi mpya za chuma, na zikiwekwa vizuri zinakuwa imara kuliko zile za awali.

Filta ya kuzungusha nayo ina mtego wake. Unapotoa ya zamani, oringi yake wakati mwingine inabaki imeganda kwenye injini. Ukifunga filta mpya juu yake, zinakuwa mbili. Injini ikiwa inaunguruma taratibu utaona pakavu kabisa, lakini mizunguko ikipanda presha inaichomoa ile ya juu, na oili inaweza kumwagika yote ndani ya muda mfupi, moja kwa moja mbele ya tairi la nyuma. Pitisha kidole na kitambaa kwenye uso wa injini kila mara. Paka oili mpya kwenye oringi ya filta mpya, kisha kaza kwa kipimo cha mtengenezaji bila kuikaba kwa koleo.

Kava ya valvu huvuja mpira wake unapokauka kwa joto. Kwenye injini nyingi za Kijapani za silinda 4, pembeni mwa kichwa kuna sehemu za nusu duara ambazo gasketi inazipanda, na kona zake ndizo zinazoanza kutoa jasho. Hapo ndipo kitabu kinapokuruhusu kuweka silikoni, tone dogo tu kwenye kila kona. Angalia pia mipira inayozunguka matundu ya plagi. Ukikuta oili kwenye shimo la plagi, mipira hiyo imechoka, na ni busara kuibadilisha pamoja na gasketi kuu.

Sili ya sproketi ya mbele naiogopa kuliko zote, kwa sababu cheni inaichukua oili yake na kuirusha kwenye ubavu wa tairi la nyuma. Mara nyingi sili hii imeuawa na cheni iliyokazwa kupita kiasi. Mpanda pikipiki anapokaa, mkono wa nyuma unapanda na cheni inajivuta. Kama haina ulegevu wa kutosha, inaivuta shafti ya gia kila pikipiki inaporuka tuta, beringi inachoka, shafti inacheza, na sili haiwezi kuziba shafti inayocheza. Shika sproketi uitikise juu na chini kabla ya kununua kitu. Ikicheza, sili peke yake haitakusaidia. Ikiwa imetulia, badilisha sili, kisha weka ulegevu wa cheni ulioandikwa kwenye kibandiko cha mkono wa nyuma au kwenye kitabu.

Kuingiza sili kunataka mkono mpole. Ile ya zamani ichomoe bila kukwaruza shafti, kwa kuwa mkwaruzo mmoja unatosha kuvujisha sili mpya. Safisha shafti, pitisha ukucha juu yake, na kama kuna mfereji uliochimbwa na sili ya zamani, mwambie fundi aiweke mpya ikae milimita moja nje au ndani ya mfereji huo, kama nafasi ipo. Zungushia utepe laini kwenye meno ya shafti ili yasikate mdomo wa sili. Paka grisi mdomoni. Upande wenye springi ndogo ya duara unaelekea ndani, kwenye oili. Isukume sawasawa kwa soketi yenye upana unaolingana na ukingo wake wa nje, bila kuipiga upande mmoja.

Ukienda kuinunua, iwe Kariakoo, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, nenda na namba. Sili huandikwa namba tatu, kwa mfano 30, 42 na 7: kipenyo cha shafti, kipenyo cha tundu, na unene, zote kwa milimita. Uliza pia mpira wake ni wa aina gani. Raba ya kawaida ya naitraili inafaa sehemu nyingi, lakini sehemu zenye joto kali zinataka Viton, inayostahimili joto kubwa zaidi bila kugeuka ngumu. Sili inayolingana kwa vipimo tu inaweza kukaa vizuri mwezi mmoja, kisha ikakauka.

Kava za pembeni, ya klachi na ya magineti, huvuja kwa sababu tatu: gasketi imechoka, uso umekwaruzwa na bisibisi ya fundi aliyepita, au pikipiki ilianguka na kava ikapata ufa mwembamba. Ufa unafichwa na rangi, kwa hiyo safisha kwa dawa ya breki na utazame kwa tochi. Upande wa magineti usisahau mpira unaopitisha nyaya, kwani unahitaji silikoni kidogo pande zake unaporudishwa. Chora umbo la kava kwenye boksi la karatasi na uchomeke kila bolti mahali pake, maana urefu wake hautofautiani kwa bahati. Bolti ndefu kwenye tundu fupi inaweza kutoboa injini. Nyingi ni za milimita 6, na zinataka nyutoni mita 10 hadi 12 tu. Kaza kwa kuvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kwa awamu mbili.

Nami nina neno juu ya silikoni, kwa sababu naiona ikitumika kama dawa ya kila kitu. Gasketi ya karatasi haihitaji silikoni. Ukiipaka, inateleza inapobanwa, na silikoni iliyozidi inajikunja ndani, inakatika vipande vinavyoelea kwenye oili na kufika kwenye chujio la pampu. Chujio likiziba, krenki inakosa oili kwenye mizunguko mikubwa, na ukarabati wa elfu chache unazaa injini iliyokwama. Mahali pasipo na gasketi, kama maungio ya krenkesi, tumia gamu iliyotajwa na mtengenezaji, mfano ThreeBond 1215, utando mwembamba juu ya uso uliosafishwa ukakauka. Iache muda wake kabla ya kumimina oili. Dawa za chupa zinazodaiwa kuziba uvujaji kwa kumiminwa kwenye oili ziache kabisa. Klachi ya pikipiki hizi inaogelea kwenye oili hiyohiyo, na haipendi kitu kigeni. Ndiyo sababu pia kopo la oili liwe na alama ya JASO MA au MA2, kwani oili ya gari iliyotengenezwa kupunguza msuguano inaweza kuifanya klachi iteleze.

Tumbo la pikipiki ya spoti liko chini, na matuta ya mitaani kwetu ni marefu. Vuka tuta taratibu, ukiwa umesimama kidogo kwenye vikanyagio. Ukisikia tumbo limegusa, simama ukague bolti ya oili na sehemu ya filta siku hiyohiyo. Wanaokwenda kwenye mbio za uwanjani hutoboa kichwa cha bolti ya oili na kuifunga kwa waya ili isijifungue kwa mtikisiko, na sheria za mashindano zinalazimisha hivyo. Hata barabarani ni jambo jema kwa anayekimbiza sana.

Ikitokea oili imefika kwenye tairi, usiendelee na safari kwa matumaini. Osha tairi kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, mara mbili, kwa brashi, hasa ubavuni. Petroli haifai kwa kazi hiyo, inadhuru raba. Diski ya breki isafishe kwa dawa ya breki. Pedi zilizokunywa oili zitupe, kwani hata zikikaushwa zinabaki na oili ndani na kuitoa zinapopata joto. Na taa nyekundu ya oili ikiwaka njiani, zima injini palepale. Kwenye pikipiki nyingi taa hiyo inapima presha. Ikiwaka injini ikiwa kwenye mizunguko, pampu haipati cha kusukuma, na kila sekunde inaila krenki.

Upo uvujaji mmoja ambao siutibu haraka. Injini nyingi za silinda 4 zina krenkesi ya vipande viwili, cha juu na cha chini, na maungio yake yakianza kutoa jasho, kuyafunga upya maana yake ni kuishusha injini na kuifungua yote. Kama ni unyevu tu usiofikia kudondoka, osha, pima kiwango cha oili kila baada ya kilomita 500, andika, na uendelee kuendesha. Unyevu ukigeuka matone ya kila asubuhi, au ukianza kuelekea nyuma upande wa tairi, hapo ishushe. Na ikiwa mezani imefunguka, badilisha sili zote, kagua beringi za shafti ya gia na kikaza cheni ya taimingi, maana bei ya vitu hivyo ni ndogo kuliko kazi ya kuifungua mara ya pili.